Waliniambia milioni moja na laki mbili

Naandika hasira zikiwa hazijaisha. Jina la hospitali silitaji. Ni ya binafsi, hapa hapa Mwanza, na nilimpeleka baba mwenyewe kwa miguu yangu, hakuna aliyenishauri vibaya.

Baba ni mvuvi wa Ukerewe. Ngiri ya kinena amekuwa nayo miaka, ikishuka anairudisha kwa mkono, anaingia ziwani. Mwaka huu, masika yakielekea kuisha, ikaanza kugoma kurudi. Kadi ya CHF alikuwa nayo, ile bima ya afya ya jamii, ila ilikuwa inatumika kwenye vituo vya serikali, na huko tulipangiwa tarehe ya mbali. Sikuwa na moyo wa kungoja. Ngiri ikinasa utumbo hapo tena si suala la tarehe. Nikasema tutalipa taslimu.

Mapokezi nikauliza bei. Binti akaniambia milioni moja na laki mbili. Nikamuuliza, yote? Akasema, "Ndiyo mama, operesheni yote." Nikatanguliza laki nane, laki nne nikaiweka pembeni, nikalala usingizi.

Operesheni yenyewe sina la kulalamika. Daktari alikaa kitandani kwa baba, akamchorea tumbo kwenye karatasi, akamwonyesha palipolegea na pale utakapokaa wavu wa kupazibia. Baba kusikia wavu akachangamka. Anashona nyavu za sangara za inchi sita tangu mimi sijazaliwa. Akauliza una macho ya ukubwa gani, na yule daktari hakumcheka, akaenda akamletea pakiti aione. Baba alichomwa ile sindano ya ganzi ya mgongo, akawa macho muda wote, anasikia vyuma vikigongana. Kesho yake alinisimulia kama mtu aliyetoka safari.

Sasa njoo dirishani, siku ya kutoka.

Bili ilikuwa 2,301,500. Niliisoma mara tatu nikidhani ni ya mtu mwingine. Upasuaji 1,200,000, hapo sawa. Chini yake daktari wa usingizi 250,000. Wavu, vipande viwili, 360,000. Kitanda siku tatu, 180,000. Dawa 97,500. Halafu mstari mmoja umeandikwa "vifaa tiba", 214,000, basi, bila neno jingine.

Nikamwambia kaka wa malipo, samahani, naomba unisomee hivi vifaa ni vipi. Hakuinua macho. Akasema, "Dada, hapa siyo Mwaloni. Hatupunguzi bei."

Fomu ya baba niliijaza mimi, kazi yangu nimeandika nauza dagaa soko la Mwaloni. Kumbe alikuwa ameisoma. Watu nyuma yangu wamesikia, na baba amesikia, amekaa kwenye benchi kashika ubavu. Sikuwa nimeomba kupunguziwa hata shilingi. Nimeomba kusomewa karatasi ninayotakiwa kuilipia.

Na niseme hili kwa sababu liliniuma kuliko zile fedha. Pale Kirumba, Mwaloni, mteja wa Kongo au wa Burundi akinunua kwangu gunia, anajua gunia bei gani, kilo ngapi, ushuru kiasi gani, mpakiaji anachukua ngapi, kamba na sindano ya kushonea gunia nani analipa. Anajua kabla hajatoa hela. Nikimwambia gunia laki na nusu kisha namdai kamba gari likishawashwa, sokoni sitauza tena. Huyu anaitaja Mwaloni kama tusi!

Baba akaniita. Akaninong'oneza, "Mama, tuuze injini?" Injini ya mtumbwi. Ndiyo anayokula nayo. Hapo nikalia, nikiri, mbele za watu.

Halafu akasema kitu kingine, taratibu kabisa: "Lakini wavu waliweka mmoja. Mimi nilikuwa macho. Daktari aliomba mmoja, akaukata pembe kwa mkasi, akashona. Wa pili sijauona."

Nikarudi dirishani. Kaka akasema mashine ndiyo inasema viwili. Nikamwambia basi mwite daktari, sitoki hapa. Nilisimama, sijui ni saa nzima, foleni ikinizunguka, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa ananishikia mkoba. Daktari akashuka mwenyewe, bado kavaa kofia ya thieta, akafungua faili kwenye karatasi ya operesheni, akaweka kidole: wavu, kimoja. Wa pili uliandaliwa wa akiba, ukarudi stoo haujafunguliwa, lakini ulishaandikwa. Na kitanda je? Siku ya tatu ilihesabiwa kwa sababu tumepita saa sita mchana, wakati tumeruhusiwa saa tatu asubuhi, muda wote uliobaki tulikuwa tunaingojea hiyo hiyo bili. Nayo wakaifuta. Zimetoka 240,000. Nusu mwezi wa biashara yangu, ingekwenda hivi hivi kama baba angechomwa ya usingizi kabisa.

Vile vifaa tiba wakanichapia karatasi nyingine. Glavu, nyuzi, gozi, dripu na mipira yake, mpira wa mkojo, plasta. Kila kitu kina bei yake. Kumbe karatasi ipo! Inatoka kwa kubonyeza kitufe, ila mpaka ulie.

Kuhusu daktari wa usingizi, hapo nilikosea mimi. Nilidhani ameandikwa kwenye bili bila sababu kwa kuwa baba hakulala. Muuguzi akanielewesha kuwa ndiye aliyechoma ule mgongo na akakaa kichwani kwa baba mpaka mwisho akiangalia presha, na malipo yake hayamo kwenye ya mpasuaji. Sawa, nimeelewa, ni haki yake. Ila niambieni siku ya kwanza. Ile "operesheni yote" ya mapokezi maana yake ilikuwa kukata na kushona tu.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba hata adui yangu nisimpeleke pale. Siwezi. Kidonda kimefunga safi, baba anatembea wima, nilikuwa nimesahau urefu wake. Kwa yule daktari ningempeleka tena kesho. Lakini nikikumbuka lile dirisha moyo unanifunga, kwa hiyo nasema hivi: nendeni, ila kabla ya kutoa dipoziti dai karatasi iliyoandikwa kila kitu, mpasuaji, usingizi, wavu, vifaa, kitanda na siku inaanza kuhesabiwa saa ngapi, na kusafisha kidonda mkirudi, maana hiyo nayo ni elfu kumi kila mara, nimeijua nikiwa nimeshafika mlangoni. Wakikataa kuandika, hapana, hata daktari awe mzuri vipi, ondokeni. Sasa mgonjwa anaumwa uondoke naye uende wapi? Sijui. Mimi nisingeondoka.

Yule kaka hajaniomba radhi mpaka leo. Nilikwenda mara mbili kusafisha kidonda, yupo pale pale, ananiita namba.

Deni la kikoba, kikundi chetu cha kukopeshana, nalimaliza taratibu. Baba yupo Nansio, kule Ukerewe, ameambiwa wiki sita asibebe kitu kizito. Kila akipiga simu anauliza tulilipa ngapi mwishoni. Namwambia injini ipo, aifunike vizuri isipate mvua.