Jumamosi tatu katika darasa la bajeti: fedha za ulinzi hufutwaje?

Nililipa shilingi 4,500 kwa darasa la Jumamosi tatu la kusoma bajeti ya serikali, katika ukumbi mdogo kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na Jumamosi ya pili peke yake ilistahili karo yote. Mada ilikuwa jinsi serikali inavyofuta fedha za jeshi ambazo Bunge lilikwisha kuziidhinisha, jambo ambalo magazeti yetu hulitaja kwa sentensi moja tu.

Mwalimu, mhasibu mstaafu, alianzia Marekani kwa sababu huko ufutaji una sheria yake. Baada ya Rais Nixon kuzuia fedha zilizopitishwa na Kongresi, yaani bunge la huko, ilitungwa sheria mwaka 1974 kwamba rais anayetaka fedha zifutwe apeleke ombi, na lisipokubaliwa ndani ya siku 45 za kikao mfululizo, fedha hizo lazima zitolewe zitumike. Kongresi nayo hufuta yenyewe, kwani sheria zake za matumizi ya ulinzi kwa kawaida huwa na orodha ya fedha za miaka iliyopita zinazorudishwa. Hilo linawezekana kwa kuwa huko fedha za kununulia silaha kwa kawaida hudumu miaka 3 na za kujenga meli miaka 5, ilhali zetu muda wake hukoma Juni 30.

Kisha akachora ubaoni masanduku matatu: fedha zilizoidhinishwa, fedha zilizofungwa kwa mkataba, na fedha zilizolipwa. La kwanza alilifuta kwa kiganja. Alipofika la pili mkono ukasita, akatusimulia habari za A-12, ndege ya kivita ambayo Waziri wa Ulinzi Dick Cheney aliifuta Januari 1991 mikataba ikiwa imekwisha kutiwa saini. Kesi iliyozuka kati ya serikali na kampuni zilizopewa mikataba hiyo, McDonnell Douglas na General Dynamics, ilimalizika mwaka 2014. Ukumbi ulinyamaza. Nilielewa hapo kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazotangazwa kuwa zimefutwa hutoka katika sanduku la kwanza, na nyingine kati ya hizo hakuna aliyekusudia tena kuzitumia, hivyo mwananchi anayesikia kwamba jeshi limepunguziwa fedha ana haki ya kuuliza zimetoka sanduku gani.

Jumamosi ya tatu, iliyopaswa kuwa yetu Wakenya, ilinisikitisha. Ilianza ikiwa imechelewa dakika 40, na bajeti ya ziada, ile inayorekebisha bajeti katikati ya mwaka, ikapitiwa mbiombio. Tulifungua fungu 1041, la Wizara ya Ulinzi, tukaweka rula chini ya mstari, tukafundishwa kwamba tarakimu iliyo ndani ya mabano ni ya kupunguza, ukurasa ukafungwa. Mama mmoja anayeuza nguo Gikomba aliuliza, "Mwalimu, wakikata katikati ya mwaka, sisi tunaulizwa lini?" Swali hilo lilistahili saa nzima, kwa sababu Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma, na Kifungu cha 223 kinaeleza kwa kirefu namna ya kuongeza matumizi, kikiweka kikomo cha asilimia 10, lakini hakisemi lolote kuhusu kupunguza. Alijibiwa kwa dakika mbili.

Kasoro nyingine ni makaratasi. Darasa lilitangazwa kuwa la Kiswahili, na mwalimu alizungumza Kiswahili kizuri kweli, ila kila karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na jirani yangu alikuwa akiniuliza maana ya maneno badala ya kusikiliza. Nilimwambia mratibu, naye akaahidi kutafsiri.

Kwa mwandishi wa habari, mwalimu wa uraia au kiongozi wa kikundi cha mtaa, ninapendekeza darasa hili bila kusita. Njoo na rula, ukae mbele, na swali lako kuhusu Kenya uliulize mapema, Jumamosi ya pili, mwalimu angali na nafasi ya kulijibu.