Sampo zimepotea kwenye Ableton Live? Usifute projekti, ngoja nikuonyeshe

Oya wazee, mambo vipi, karibuni tena. Leo siongelei sauti mpya za Live 12, hii programu ya kutengenezea muziki, imetoka tangu 2024 hayo mshayaona sana, leo nina kitu kimoja tu nimekipenda mpaka nakereka, maana miaka yote kilikuwepo na mimi nakipita tu.

Ilikuwa hivi, lapi imejaa, nikahamishia folda ya sampo, vile vipande vya sauti vya kujengea ngoma, kwenye eksteno, yaani diski ya nje, nikajiona mjanja. Kesho yake mteja kaja kusikiliza ngoma yake, nafungua projekti, napiga plei... dramu hamna, besi hamna, kinanda tu kinalia peke yake kama tuko msibani. Mteja ananiangalia, na mimi namwangalia.

Sasa tizama skrini, projekti ni ileile. Unaona huku chini kabisa kuna kamstari ka onyo? Mimi nilikuwa nadhani wananikumbusha kusasisha programu. Na hizi klipu zimeandikwa Offline. Ngoma haijafa jamani, ni kwamba faili la wimbo halijabeba sauti zenyewe, limebeba anwani tu ya kila sampo ilipo, wewe umehama nyumba hujaaga, ikienda kugonga inakuta hamna mtu. Haya bonyeza kale kamstari. Kulia imefunguka orodha, zimepotea 37. Shuka hapa kwenye Automatic Search, kuna kapembetatu, kafungue, Search Folder weka Yes, ielekeze kwenye folda ya eksteno, hii hapa, halafu Go.

Subiri. Inaingia mpaka folda za ndani. Subiri bwana, eksteno yenyewe ya kuungaunga hii... eeeh! Umeona? 31 zimerudi! Sikia, sikia hiyo besi.

Zimebaki 6. Hizi 4 imepata zaidi ya moja zenye jina hilohilo, si unajua kila paki ya sampo ina faili linaitwa kick, sasa haitaki kukuchagulia, unabonyeza hapa pembeni unazipitia mwenyewe mpaka uikute yako. Hizi 2 nilizibadilisha majina, kwa hiyo haizijui tena, nazitafuta kwa mkono kwenye brauza nazivuta kuzidondosha juu ya jina lake. Ila hapa kuwa makini, Live haihakiki chochote, ukiipa faili lingine kabisa inapokea. Angalia, navuta sauti ya mbuzi naiweka penye vokali... Hahaha! Imekubali! Mteja angenipiga huyu. Narudisha, narudisha.

Ukimaliza usifunge kwanza, nenda kwenye menyu ya File, Collect All and Save, inakuuliza ikusanye za wapi, weka Yes, inakopi sampo zote ndani ya folda ya projekti. Folda itanenepa, sawa, lakini hiyo ndo unampelekea mtu kwenye flashi na ikafunguka kwake. Isipokuwa plagini za nje, zile programu ndogo za kuongezea ndani ya Live, sampo zake haizibebi, hizo inabidi na yeye awe nazo.

Najua watu wa FL Studio, ile programu nyingine ya muziki, mshaanza kuandika huko chini. Tulieni, na mimi nimekulia FL kama wengi hapa Bongo, na ile ya kusevu kama zip inafanya kazi nzuri tu, tena ukishainunua masasisho ni bure maisha. Live hawana huruma hiyo, Suite, lile toleo lao kubwa, ni dola 749, piga hesabu kwa shilingi halafu ukae chini unywe maji. Ukinunua midi kibodi, kinanda cha kuchomeka kwenye kompyuta, cheki boksi lake, nyingi zinakuja na Live Lite, lile toleo dogo, treki 16 tu lakini kwa biti ya kawaida zinatosha, na mafaili utayatafuta kwa njia hiihii.

Halafu ile video ya kumiksi vokali niliyowaahidi, jamani ipo, nimeshairekodi yote. Sasa hivi sijui nimeihifadhi wapi. Sicheki, kweli, ipo kwenye moja ya hizi diski tatu, nikiipata naiweka wikendi hii, we sabskraibu kwanza uniachie na komenti unatumia programu gani, mimi nakwenda kutafuta.