Ukienda kukagua chuo cha ualimu, anza na shule ya mazoezi

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne, anataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi mwenyewe nafundisha darasa la pili mkoani Geita, kwa hiyo nyumbani wakaniambia, dada mtu ndiye utakayemchagulia chuo. Sikutaka kumchagulia kwa kusikia. Niliomba ruhusa ya siku mbili kwa mwalimu mkuu, tukapanda basi, tukaenda kuviona vyuo viwili, kimoja binafsi na kimoja cha serikali. Majina sitayataja. Wakufunzi huhama na wakuu wa vyuo hubadilika, lakini nitakayoyasema unaweza kwenda kuyaangalia mwenyewe kwenye chuo chochote.

Kwanza niseme nilikotoka, maana ndiko nilikopata macho haya ya kukagua. Niliingia chuo binafsi mwaka 2015. Majengo yalikuwa mapya, vigae vinang'aa, chumba cha kompyuta kipo. Shule ya mazoezi, yaani shule ya msingi iliyo pamoja na chuo ambako wanachuo hufundisha watoto wa kweli, hakuna. Kwa hiyo kufundisha tulijifunzia humo humo ndani: mmoja anasimama mbele, sisi arobaini tuliobaki tunajifanya darasa la pili. Mtu wa miaka 22 ananyoosha kidole, anaulizwa saba jumlisha nane, anajibu 15, tunampigia makofi. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeshindwa kushika penseli. Hakuna aliyekuja na Kisukuma peke yake mdomoni.

Mwaka 2016 nikaenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha ambapo mwanachuo hupelekwa kwenye shule halisi. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari ile, na wazazi waliitikia kwelikweli: darasa la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa na watoto 128, wakati mwongozo unataka mwalimu mmoja awe na watoto 45. Siku ya kwanza andalio langu la somo la dakika 30 liliisha kwa dakika 9, kwa sababu nililiandaa nikiwafikiria wenzangu wa chuoni wanaojibu kila kitu. Na mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulikuwa umeshaanza tangu 2015, mtoto aanze na sauti ya herufi kabla ya kuunganisha silabi. Mimi nikawa nawakaririsha ba be bi bo bu kama nilivyokaririshwa mwenyewe. Aliyeninyoosha ni mwalimu wa darasa lile, mama aliyekuwa anakaribia kustaafu, jioni baada ya kipindi, akiwa amechoka. Namshukuru hadi leo. Mkufunzi wangu alikuja mara mbili tu, na mara ya pili hakuingia darasani kabisa. Alisaini fomu ofisini kwa mwalimu mkuu akaondoka. Fomu hiyo ina alama 78. Bado inaniuma, maana nilikuwa nahitaji mtu aniambie ukweli.

Basi, chuo cha kwanza tulichokitembelea na mdogo wangu kilinikumbusha kile changu. Tulipokewa vizuri, tukapewa kipeperushi chenye picha za mahafali. Mabweni masafi, maji yanatoka, chakula si haba, hata maharage hayakuwa na mchanga. Nikauliza, wanachuo wanafanyia wapi mazoezi ya kufundisha mwaka wa kwanza? Nikajibiwa, "Humu humu darasani, na baadaye BTP." Mkufunzi anamtembelea kila mwanachuo mara ngapi akiwa BTP? "Inategemea na usafiri." Nikasema ahsante. Kama unachotafuta ni bweni zuri, pale utalipata. Mdogo wangu anatafuta kitu kingine.

Chuo cha pili ni cha zamani. Bati zimeshika kutu, vitabu vingi vya maktaba vimechanika migongo, na siku ile maji hayakuwepo. Tuliwakuta wasichana na ndoo wakitoka kisimani. Hilo si dogo, na mzazi ampe mwanawe ndoo yenye mfuniko mapema. Lakini nyuma ya uzio, hatua kama mia mbili, kuna shule ya msingi ya mazoezi. Makamu mkuu wa chuo alituruhusu tukae nyuma ya darasa la pili, ambako mwanachuo wa kiume alikuwa anafundisha kutoa kwa kuchukua. Mkufunzi wake, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, anaandika.

Swali ubaoni lilikuwa 32 – 15. Mtoto mmoja wa kiume akaitwa, akaandika 23. Mwanachuo akasema, "Umekosa, kaa. Nani mwingine?" Msichana akaja akaandika 17, akapigiwa makofi, kipindi kikaendelea.

Kilipoisha, mkufunzi akamwita mwanachuo nje, chini ya mwembe. Hakumfokea. Akamuuliza, "Mwalimu, yule mtoto aliandika 23. Aliipata wapi?"

"Alikosea, madam."

"Najua alikosea. Aliipata wapi?"

Kijana akakaa kimya. Mkufunzi akamwomba amwite yule mtoto, na vijiti. Mtoto akaja akiwa na wasiwasi. Akaambiwa asimulie tu alivyofanya. Akasema, tano toa mbili, tatu. Tatu toa moja, mbili. Kumbe mtoto alijua kutoa vizuri kabisa. Alichokuwa hajui ni kwamba huwezi kugeuza tarakimu ya chini kuwa juu kwa sababu ni kubwa. Mkufunzi akampa mafungu matatu ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa ukili na vijiti viwili vya pembeni, akamwambia mwanachuo, "Haya, sasa mfundishe." Kijana akachuchumaa mchangani. Mtoto akafungua fungu moja kwa meno, akahesabu vijiti 12, akatoa vitano, vikabaki saba. Akatucheka sote kwa furaha.

Nilisimama pale nikaona miaka yangu miwili ya chuo. Sikuwahi kuulizwa swali lile hata mara moja. Nimekuja kujifunza kulijiuliza mwenyewe, nikiwa kazini, kwa gharama ya watoto wa miaka yangu ya kwanza.

Ndiyo maana nasema anza na shule ya mazoezi. Iulizie, kisha omba kuiona, maana wengine watakuonyesha shule ya jirani ambayo wanachuo hawaingii mpaka BTP. Ulizia mkufunzi anayefundisha mbinu za darasa la kwanza na la pili amewahi kulifundisha darasa hilo lini. Ukipata nafasi, ongea na mwanachuo wa mwaka wa mwisho bila mwenyeji wenu kuwepo. Mmoja alituambia alitembelewa mara nne BTP, na akatuonyesha maoni yaliyoandikwa, ukurasa mzima kila safari. Kwa chuo binafsi, hakikisha kimesajiliwa kabla hujalipa hata senti. Sifa za kujiunga zisome kwenye tangazo la Wizara ya Elimu la mwaka huo huo, maana zimebadilika mara kadhaa. Na kama kijana wako ana wito wa elimu maalumu, Patandi kule Arusha ndiko kunakojulikana. Mwenye muziki, sanaa na michezo aulizie Butimba, Mwanza.

Ajira sitamdanganya mtu. Kuna niliosoma nao waliojitolea miaka mingi kwenye shule za kijijini kwao kabla ya kupata barua, na siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili. Nilimweleza mdogo wangu hayo yote tukiwa stendi, tunasubiri basi la kurudi.

Hakujibu. Tulipokaa kwenye siti akaniomba kalamu, akageuza kile kipeperushi cha chuo cha kwanza, nyuma ya picha za mahafali, akaandika 41 – 26. Akaniambia, "Dada, huyu mtoto angeandika 25. Akiandika 35 je, atakuwa amefanyaje?" Tulibishana hilo mpaka Sengerema.