Meseji za tahadhari za chuo Marekani: naipa nyota tatu, tena kwa shingo upande

Ukipokelewa chuo Marekani unapewa kitambulisho, password ya wifi, ramani ambayo hautaifungua hata siku moja, halafu unaandikishwa kwenye huduma ya tahadhari. Kila chuo kimeipa jina lake ila kazi ni ileile, likitokea la kutokea simu yako inalia, barua pepe inaingia, skrini za kompyuta za maktaba zinabadilika zote kwa pamoja, na vyuo vingine vina ving'ora vya nje ambavyo vikilia hata mwenye usingizi wa pono anaamka. Bei ni bure, au tuseme imo humohumo kwenye ada maana nchi hii bure haipo. Kila zikitoka habari za risasi chuoni wazazi walioko nyumbani wanauliza swali lilelile, hivi hizo meseji zinasaidia kweli au ni geresha? Mimi nimeshapokea za majaribio, za kimbunga na za mtu mwenye bunduki, kwa hiyo leo naipima kama mteja, mambo ya kitaalamu nawaachia wenyewe.

Kwanza mjue hii huduma imezaliwa msibani. Virginia Tech, Aprili 16, 2007, saa 1:15 asubuhi watu wawili wakapigwa risasi hosteli ya West Ambler Johnston. Polisi wakahisi ni mambo ya mapenzi na muuaji keshatoka nje ya chuo, wakubwa wakakaa kikao, wakajadili, barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ikatoka saa 3:26. Zaidi ya saa mbili jamani! Na yenyewe ilikuwa ya upole upole, kumetokea tukio la risasi hosteli fulani, polisi wanachunguza, muwe waangalifu. Watu washaingia madarasani zamani. Kama saa 3:40 yule muuaji akaanza Norris Hall, milango ya jengo kaifunga minyororo, wakafa 30 pale, jumla 32 ukiwaweka na wale wa hosteli. Profesa Liviu Librescu, mzee wa miaka 76 aliyeponea mauaji ya Wayahudi enzi za Hitler, alizuia mlango wa darasa kwa mwili wake wanafunzi wakawa wanarukia dirishani, akafia palepale. Ndio saa 3:50 ikatoka barua pepe nyingine, hii sasa haikuzunguka, kuna mtu ana bunduki, kaeni ndani, mkae mbali na madirisha.

Hizo barua pepe mbili mimi ndio kipimo changu cha huduma nzima. Kwanza imefika dakika ya ngapi, pili imeniambia nifanye nini. Basi. Mengine yote, rangi ya apu, nembo, sauti ya dada wa mashine anayekupigia simu, ni mapambo.

Kwenye sheria nao wamejitahidi kidogo. Ilikuwepo tangu 1990, Clery Act, sheria ya kuvilazimisha vyuo vitangaze uhalifu unaotokea kwao, kwa jina la Jeanne Clery, binti aliyeuawa chumbani kwake hosteli ya Lehigh University mwaka 1986, wazazi wake ndio waliopambana mpaka ikapita. Baada ya Virginia Tech ikaongezewa nguvu mwaka 2008, kwamba chuo kikishathibitisha kuna hatari lazima kitoe taarifa mara moja, hakuna kusubiri kikao. Virginia Tech wenyewe kwa kule kuchelewa walitozwa faini dola 55,000, ikavutwa huku na huku mpaka 2014 wakalipa 32,500. Kwa watu 32. Mimi sisemi kitu hapo.

Kwa hiyo upande wa kasi, ukilinganisha na enzi zile, mabadiliko yapo na nawapa haki yao. Lakini kasi bado inategemea binadamu aliyekaa zamu na kibonyezo. Michigan State, Februari 13, 2023, risasi za kwanza zilisikika Berkey Hall kama saa 2:18 usiku, meseji ya kwanza ikatoka saa 2:30 na kitu. Dakika kama 12 hivi. Ukiwa unasoma habari dakika 12 unaona si mbaya, ila kwenye hizo dakika yule mtu, ambaye wala hakuwa mwanafunzi wala mfanyakazi wa pale, alishatoka Berkey akaenda jengo la Union akapiga tena. Wanafunzi watatu wakafa na watano wakajeruhiwa. Watu wa huduma watakwambia polisi walikuwa wanathibitisha kwanza, na ni kweli usipothibitisha utawatia watu kiwewe bure, naelewa, lakini mwenye mtoto pale Union hizo hesabu haziingii kichwani.

Sasa niwape ya kwangu. Chuo sikitaji. Tuko darasani, simu ya dada aliyekaa mbele ikatoa ule mlio, kabla hajaishika ikalia nyingine, halafu nyingine, zile za kutetema zinasogea zenyewe juu ya meza. Yangu iko silent, kimya kabisa, maana SMS ya kawaida haivunji silent na hakuna aliyetuambia siku ya kujiandikisha kwamba apu ndio inavunja, tena mpaka uiruhusu kwenye setingi. Nikasomea kwa jirani. Meseji inasema mtu mwenye silaha, jengo herufi tatu, kimbia, jifiche, pambana.

Herufi tatu! Kifupisho cha jengo ambacho wanakijua wao na watu wa matengenezo. Nusu ya darasa ni wageni wa muhula uleule, kijana wa pembeni yangu kanigeukia macho yamemtoka ananiuliza, "Oya, hilo si ndio hili tulilomo?" Sijui. Hata mwalimu ilibidi afikirie kwanza. Kumbe lilikuwa jengo la upande wa pili wa chuo kabisa, lakini zile sekunde tulizotumia kutafsiri herufi kama tunacheza chemsha bongo, kama angekuwa kweli yupo korido yetu mngekuwa mnasoma habari nyingine. Na kimbia, jifiche, pambana ni maneno mazuri ya kubandika ukutani, ila mtu akiwa hajui hatari iko upande gani akimbilie wapi? Kama kuna kitu kimoja ningewabadilishia ni hicho, jina kamili la jengo na mtaa lilipo. SMS ina herufi 160, zinatosha sana.

Mwalimu akazima taa akaenda mlangoni. Mlango hauna komeo kwa ndani, unafungwa kwa funguo ya nje ambayo yeye hana. Akasimama pale akauangalia kitasa, halafu akavua mkanda wa suruali akauzungusha kwenye ule mkono wa chuma wa juu unaorudisha mlango, akakaza mpaka vidole vikawa vyeupe, huku suruali anaishika kwa kiwiko. Sisi tukasogeza meza. Wote kimya. Meseji imefika kwa wakati, imekwambia jifiche, na wewe uko kwenye chumba kisichofungika, hapo huduma imekusaidia nini zaidi ya kukupa habari? Michigan State baada ya msiba ndio wakaanza kuweka vitasa vya kufunga kwa ndani madarasani. Baada ya msiba. Huwa inakuwa baada.

Upande wa wazazi naipa sifuri, sizungushi. Mama yangu aliniandikia WhatsApp kabla sijapata hata meseji ya pili ya chuo, mtu kaona mtandaoni kamtumia mtu kamtumia yeye. "Mwanangu uko wapi?" Nikaanza na shikamoo mama, kwa mazoea tu yaani, halafu nikamwandikia niko salama, nimejificha, tafadhali usipige simu, andika tu. Maana ikilia imelia. Mama wa watu tangu Garissa mwaka 2015, ile asubuhi ya Aprili 2 waliyouawa watu 148, ukitaja chuo na risasi kwenye sentensi moja presha inapanda. Halafu eti fomu ya huduma ina nafasi ya kumwongeza mzazi au mlezi, nikajaribu kuweka namba yake baadaye, inakataa, inataka namba ya Marekani tarakimu kumi na si vinginevyo. Chuo kinachopokea wanafunzi wa nje kwa ada mara mbili au tatu ya wenyeji kimeshindwa kuweka alama ya jumlisha mbele ya namba ya simu. Nimeandika malalamiko, nimejibiwa asante kwa maoni yako.

Ile ya kwetu mwisho ikawa simu ya uongo. Kuna watu wanapiga polisi wanasema kuna mtu anarusha risasi chuoni, wengine wanaweka mpaka milio ya bunduki kwa nyuma, halafu wanakaa kucheka sijui. Agosti 2025 ilikuwa kama mvua, Villanova na University of Tennessee ya Chattanooga zilipigwa siku moja, Agosti 21, na vyuo vingine vikafuata siku zilizofuata. Villanova wanafunzi wapya na wazazi wao walikuwa kwenye sherehe za kukaribishwa. Watu wanasema ah basi afadhali ilikuwa uongo. Afadhali ndiyo, lakini mwili haujui ni uongo, mimi mpaka leo simu zikilia mbili pamoja ukumbini nageuka kuangalia mlango. Na ubaya mwingine, uongo ukizidi watu watazoea, itakuja ya kweli mtu aangalie simu aseme ni walewale. Hapo huduma sina la kuilaumu, wakichelewa tunawatukana, wakiwahi ikawa uongo tunawatukana pia.

Meseji ya mwisho, ile ya kusema hatari imekwisha, ni fupi mno. Hali imerejea kawaida, endeleeni na shughuli. Hivyo tu! Kesho yake asubuhi barua pepe iliyofuata kutoka kwenye mfumo huohuo ni ya marekebisho ya maegesho. Hali gani imerejea kawaida? Kule University of North Carolina, Chapel Hill, Agosti 28, 2023 mwalimu mmoja aliuawa maabara, wanafunzi wakajifungia zaidi ya saa tatu, na gazeti lao la wanafunzi, The Daily Tar Heel, likatoka ukurasa wote wa mbele umejaa meseji zao za saa zile, kuulizana uko wapi, uko salama, nakupenda, kuanzia juu mpaka chini bila picha. Nilipouona nikasema hii ndio huduma ya tahadhari halisi, watu wenyewe kwa wenyewe. Haikufika hata mwezi, Septemba 13, ikaingia tena meseji ya mtu mwenye bunduki chuo kilekile, wakajifungia upya. Sasa hao ukiwaambia endeleeni na shughuli wanakuelewaje?

Na kuna watoto wameanza kupokea haya tangu wakiwa wadogo. Florida State Aprili 17, 2025 wawili waliuawa karibu na jengo la wanafunzi, na kati ya waliojificha siku ile walikuwemo walionusurika mauaji ya shule ya Parkland, hukohuko Florida, mwaka 2018. Michigan State vilevile kulikuwa na waliopitia risasi shuleni kabla. Yaani kizazi kinachojua kuzima taa na kukaa chini ya dirisha kuliko kinavyojua kujaza fomu ya kodi. Kwenye huzuni yenyewe watu wanajipanga wenyewe, Michigan State walipaka rangi lile jiwe lao kubwa na maua yakajaa miguuni kwa sanamu ya Sparty, nembo ya chuo chao, Virginia Tech yapo mawe 32 mbele ya Burruss Hall, kila mtu na jina lake. Huduma ya tahadhari haihusiki na hayo, najua, lakini ingeshindwa nini kutuma hata meseji moja ya wapi pa kuongea na mtu usiku ule? Kwetu namba ya ushauri nasaha niliikuta kwenye tovuti, chini kabisa, na saa za kazi zilikuwa zimeisha.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hivi. Kasi nyota nne. Maneno mbili, na hizo mbili ni kwa sababu angalau siku hizi wanataja bunduki bila kona kona. Wazazi sifuri. Baada ya tukio moja. Ukigawa haifiki hata mbili, ila kwa ujumla nasema tatu kwa sababu bila hiyo huduma tungekuwa tunategemea WhatsApp ya mama, na kuna watu wako hai kwa kuwa meseji iliwakuta kabla hawajatoka maktaba.

Ukipata chuo, siku ya kwanza ingia kwenye mfumo uangalie namba iliyoandikwa ni ya laini unayotumia sasa hivi maana wengi wameacha ile ya zamani, pakua apu uiruhusu ipige kelele hata simu ikiwa silent, na tembea ujue majengo yako kwa vile vifupisho vyao mpaka watakapopata akili ya kuandika jina zima. Mlango wa kila darasa uangalie unafungwaje. Na kama mfumo wa chuo chako unakubali namba za nje niambieni ni chuo gani, maana mimi nimepanga kurudi ofisini kwao na mfano mkononi niwaonyeshe kwamba inawezekana.