Kituo cha masomo ya jioni, Kamalondo: historia bora, malipo mazito

Mzazi wa Lubumbashi mwenye kijana anayejiandaa kwa mtihani wa Taifa hatajutia kukitembelea kituo hiki, kwani hakiishii kwenye mazoezi ya mitihani iliyopita kama vituo vingi vya mji. Hesabu zinafundishwa vizuri: mwalimu anasahihisha daftari la kila mwanafunzi mwenyewe akiangalia, na umeme ukikatika jenereta inawashwa mara moja. Kuhusu fizikia sina la kuongeza.

Kinachokitofautisha ni historia ya Jumamosi. Ukutani imetundikwa ramani ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa Wabelgiji, na vijana wanatakiwa kuonyesha kwa kidole mji wa Wazungu ulipoishia, eneo tupu lililoachwa kwa makusudi ili rangi mbili zisikae jirani, na mtaa wa Waafrika ulioanza kujengwa 1921, ambao ndio Kamalondo, komini (wilaya ya mji) hiyohiyo walimoketi. Mwalimu anaeleza kwamba mpaka huo ulipita shuleni pia: watoto wa Wazungu walifuata programu ya Ubelgiji iliyowafungulia njia ya chuo kikuu, ilhali watoto wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliokuwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, waliandaliwa zaidi kwa kazi za karakana, na wasichana kwa ushonaji na kazi za nyumbani. Shule za serikali zisizo za misheni zilianza kuwapokea Waafrika 1954, chini ya Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji. Chuo kikuu cha mji kilifunguliwa 1956, weupe na weusi wakiingia pamoja. Msichana mmoja aliuliza kwa nini basi wasomi walikuwa wachache hivyo wakati wa uhuru. Badala ya kumjibu, mwalimu alilitaka darasa lihesabu ni lini angemaliza humanite, yaani sekondari, mtoto aliyeianza 1954. Miaka sita, 1960: mwaka uleule wa uhuru. Sijaona somo la historia lililofundishwa kwa hesabu fupi namna hiyo.

Tatizo ni malipo. Kituo kinadai faranga 60,000 kwa mwezi, zilipwe zote kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na karatasi za fotokopi zinalipiwa kando (nyingine hazisomeki kwa kupauka). Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari mzazi bado analipa minervali (karo), na anayeipata kwa taabu huko katika komini za Katuba au Kenya hawezi kuongeza mzigo huu. Ndiyo maana wengi niliowakuta darasani walivaa sare za shule ghali za katikati ya mji, wakiwa wamekuja Kamalondo kusoma habari za Kamalondo, huku vijana wa mtaa wakipita nje ya dirisha.

Ningemwandikisha mwanangu kwa Jumamosi peke yake. Nilipouliza kama inawezekana, katibu alinijibu kwa upole kwamba mwezi haugawanywi.