Sifuri yangu ya astronomia, na nyota isiyochomoza Kigoma

Naandika hili nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Chuo sikitaji. Ada, vipindi na vitabu vya kozi yao ya utangulizi wa astronomia vipo kwenye tangazo, kasome huko. Langu ni kazi moja tu, ile tuliyopewa tukaifanyie nyumbani wakati wa likizo, yenye alama kumi.

Maelekezo: usiku usio na mawingu, itafute Nyota ya Kaskazini, Polaris. Pima kimo chake kwa nyuzi kutoka upeo wa macho. Namba utakayopata ndiyo latitudo ya kwenu, yaani mko nyuzi ngapi kutoka ikweta.

Kwetu ni Kigoma. Nikatengeneza kipimio kwa kipimapembe cha shule, mrija wa soda, uzi, na nati ya baiskeli ya kuuvuta uzi chini. Usiku wa kwanza nikapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba. Dubu Mkubwa, lile kundi la nyota, nikamwona kaskazini, amepinduka. Nikazifuata zile nyota zake mbili zinazoelekeza, umbali wa kati ya hizo mbili mara tano, kama tulivyofundishwa. Mstari ukaingia ardhini. Usiku wa pili, ardhini. Wa tatu nikakaa kwenye jiwe, mbu wananila, nikapiga hesabu ambayo aliyetunga kazi ile alipaswa kuipiga kabla yangu: Kigoma ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Polaris imekaa karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, ile sehemu ambayo nyota huonekana kuizunguka. Kwetu basi ipo kama nyuzi 5 chini ya upeo wa macho, usiku kucha, mwaka mzima. Haichomozi. Mawingu hayahusiki, kilima hakihusiki, ni umbo la dunia.

Nikaandika hivyo, nikachora na mchoro. Nikapewa sifuri.

Nikampigia mhadhiri msaidizi anayesahihisha. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Dogo, acha uvivu. Wenzako wote wameiona. Au huko Kigoma mna anga la kwenu?" Akakata simu.

Wenzangu wote! Rafiki yangu wa Dar es Salaam aliandika nyuzi 7, akapewa tisa. Dar nayo ipo kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7, na namba ile aliitoa kwenye ramani ya simu. Nje hakutoka. Aliniambia mwenyewe. Kwa hiyo aliyedanganya kapata tisa, na aliyekesha siku tatu akaandika alichokiona ndiye mvivu. Nikikumbuka hapa napandwa upya.

Karatasi ile ile ya maelekezo inasema pia jua hufika juu kabisa saa sita mchana. Kigoma ni kwenye saa saba, maana saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tupo karibu na 30. Ilitungwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya mbali, ikaletwa kwetu bila mtu kuisoma.

Nilikusudia kumalizia hapo kwa kusema usijiandikishe. Lakini kuna usiku mmoja nao lazima niueleze.

Baba mdogo anavua dagaa Kibirizi. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, siku za giza zisizo na mwezi, ndizo za kuvua, kwa sababu kwenye mbalamwezi taa haziwavuti dagaa vizuri. Nikaomba kwenda naye. Kama saa tano usiku taa zikazimwa tuhame. Kusini ziwa halina mwisho, na Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ulikuwa umesimama wima juu ya maji. Unachukua urefu wake, unaushusha mara nne na nusu kuanzia nyota ya chini. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga. Hapana nyota ya maana pale, ni weusi. Nikanyoosha mkono, nikalaza vidole vitatu vya kati juu ya mstari wa maji. Vikaijaza nafasi yote mpaka kwenye ncha. Vidole vitatu, mkono umenyooka, ni kama nyuzi 5.

"Unapima nini?" baba mdogo akauliza.

"Napima tulipo."

Naye akanyoosha mkono wake, akalaza vidole vyake vinene vya kuvuta nyavu, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema kitu.

Na njia hiyo ya Msalaba niliipata wapi? Kwenye kipindi cha tatu cha kozi hiyo hiyo! Mhadhiri mkuu anafundisha vizuri mno. Ndiye aliyetusimulia habari za Cecilia Payne, aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba nyota zimejaa hidrojeni kupita vitu vyote, akiwa bado mwanafunzi. Mkubwa wa fani, Henry Norris Russell, akamfanya aandike kwamba matokeo hayo karibu kwa hakika si ya kweli. Baada ya miaka minne Russell mwenyewe akakubali. Darasa zima tulinyamaza. Kozi inayofundisha hayo ndiyo imenipa sifuri kwa kuandika nilichokiona.

Kwa hiyo jiandikishe, kwa ajili ya yule mhadhiri. Au subiri kwanza wabadilishe ile karatasi. Sijui nikushauri lipi. Ila ukiingia, ukafika kwenye nafasi ya kimo cha Polaris, na upo Kigoma, Tabora, Mbeya au Dar, andika "haionekani", chini yake weka vipimo vya Msalaba. Mimi rufaa yangu nimeipeleka na mchoro wa vidole vitatu. Wamejibu "imepokelewa", na sifuri bado ipo palepale.