Sushi ya kuzunguka na watoto wawili: uzoefu wangu wa Kobe

Kama umehamia Japani na watoto, na bado unapika kila siku kwa kuogopa aibu ya mgahawani, anzia kwenye sushi ya kuzunguka, yaani vitonge vya wali wenye samaki juu, vinavyopita kando ya meza kwa mkanda. Najua utashangaa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekuzwa kwa samaki wa kupaka, na niliamini samaki mbichi ndicho chakula cha mwisho ambacho wanangu wangekikubali. Lakini kati ya sehemu zote tulizokula hapa Kobe, hapa ndipo ninapoweza kula hadi nikashiba nikiwa nimekaa kitako, bila kuzunguka na mtoto nje ya mlango huku chakula changu kikipoa.

Siri iko kwenye kusubiri. Mtoto wa miaka minne hashindwi na chakula, anashindwa na zile dakika za kungoja chakula. Kwenye migahawa hii, inayoitwa kaiten-zushi, kila meza ina skrini ya kugusa yenye picha, na nyingi unaweza kuzibadilisha lugha. Unagusa picha, na baada ya muda mfupi sahani inakuja yenyewe kwa mkanda hadi ubavuni mwa meza. Hakuna kumpungia mkono mhudumu, hakuna kuhangaika na Kijapani cha kuombea radhi. Mkubwa wangu wa miaka saba ndiye mwagizaji, mdogo ni mpokeaji, na kila mmoja anaiheshimu kazi yake kuliko anavyoheshimu kazi za shule.

Kampuni ya Kura Sushi imeongeza na mchezo juu yake. Sahani tupu unazitumbukiza kwenye tundu lililo mezani. Zikifika tano, skrini inaonyesha katuni fupi, na mkibahatika kinadondoka kidude cha kuchezea. Ni ujanja wa biashara, sikatai. Tumbo likishagoma kwenye sahani ya nane, wanao watakubembeleza ufikishe kumi. Ila sijawahi kuona mbinu nyingine ya kumfanya mtoto agombee kuondoa vyombo mezani.

Chakula sasa. Wajapani wenyewe wengi hawampi mtoto samaki mbichi hadi afikishe miaka mitatu hivi, kwa hiyo usijione mshamba ukimwagizia mwanao vilivyopikwa. Vipo tele: yai tamu la kukaanga lililolazwa juu ya wali, kamba waliochemshwa, mahindi yenye mayonezi yaliyozungushiwa mwani, kuku wa kukaanga, chipsi, bakuli dogo la udon, yaani tambi nene za ngano kwenye mchuzi, na edamame, yaani soya changa za kumenya, ambazo mdogo wangu hula kama karanga. Pweza haikuhitaji kumbembeleza mtu, sisi ni wa Pwani. Wasabi, ule mchanganyiko wa kijani unaowasha hadi puani, siku hizi huwekwa pembeni kwenye migahawa mingi ya aina hii, lakini hakikisha kabla mtoto hajaonja. Mama mkwe alipotutembelea aliitazama ile samoni, akauliza, "Mwanangu, huyu moto ameuona kweli?" Akala udon mbili na chai.

Kwa wenzetu Waislamu niseme wazi, maana hili huwa halisemwi. Nguruwe si vigumu kumkwepa hapa, kazi iko kwenye mirin, ile pombe tamu ya mchele. Inaingia kwenye mchuzi wa udon, kwenye lile yai tamu, na pengine hata kwenye siki ya wali. Rafiki yetu Mzanzibari anayeswali msikiti wa Kobe, ule uliofunguliwa mwaka 1935, hawaleti wanawe kabisa. Huwapeleka kwenye migahawa ya halali ya Kihindi na Kipakistani iliyo jirani na msikiti, na watoto wake hawalalamiki hata kidogo.

Jambo la hatari ni bomba. Kila meza ina kijibomba cha maji ya moto sana, cha kuchanganyia chai ya unga, na kiko upande uleule wa mkanda ambao kila mtoto anaugombania. Kwa mtoto wetu, bomba ni la kunawa. Kwa hiyo mtu mzima akae ndani karibu na bomba, mtoto afuate, wakilia walie. La pili, wafundishe mapema kwamba hatugusi sahani inayopita, na iliyokwisha kuchukuliwa hairudishwi. Mwanzoni mwa 2023 ilienea video ya kijana akiramba chupa ya sosi ya soya mgahawani, nchi nzima ikachafuka, na baadhi ya migahawa ikaacha kuzungusha sushi kiholela, ikabaki kuleta ile iliyoagizwa tu.

Ukitaka kulinganisha, famiresu, ile migahawa ya kifamilia kama Gusto, naiweka namba mbili. Pale kuna sahani maalumu ya watoto, okosama ranchi, yenye kibendera kilichochomekwa juu ya kilima cha wali; ilianzia duka kubwa la Mitsukoshi, Tokyo, mwaka 1930. Kuna kengele ya kumwita mhudumu mezani, na kwenye matawi mengi chakula huletwa na roboti lenye uso wa paka. Watoto wanalipenda hilo roboti kuliko chakula. Ila ile nyama ya kusaga ya hambagu mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe pamoja, na kungoja kumerudi palepale. Vibanda vya ramen, yaani tambi za supu, vyenye viti virefu vya kaunta waachieni wasio na watoto. Na kuna mkahawa mmoja ulitukatalia mlangoni kwa sababu ya kigari cha mtoto. Nikaja kujua kwamba sehemu nyingine hazipokei kabisa watoto ambao hawajaanza shule. Angalia mlango kabla ya kukunja kigari.

Bei: sahani za chini ni yeni mia moja na ushee, ingawa matawi ya katikati ya mji hutoza zaidi. Bakshishi hakuna. Jumamosi na Jumapili foleni ni ndefu, kwa hiyo chukua namba kwa programu ya simu ukiwa bado nyumbani, au nendeni saa kumi na moja jioni, kabla familia nyingine hazijatoka. Tangu Oktoba 2019 kodi ni asilimia 10 ukila pale na asilimia 8 ukibeba. Nilijaribu kubeba ili nibane matumizi. Sushi ilikuwa ileile, lakini kidude cha kuchezea hakikuwamo, na kesi hiyo niliisikiliza hadi wakati wa kulala.